Aliyebonyeza "Kubali" Upande wa Pili

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mtaani anajulikana kama Mama Nembo. Jina la kwenye kitambulisho limeandikwa kwenye jalada.
Umri: Miaka 43
Kazi: Kutarizi nembo za sare za shule, nyumbani kwake
Makazi: Ghorofa ya pili juu ya duka la vioo, pamoja na mama yake mzazi
Tarehe: Jumatano, tarehe 14 mwezi wa tano. Yameanza kuandikwa saa nne na nusu asubuhi.

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, nami nimeelewa. Nazungumza nikiwa na akili timamu.

Kwanza naomba iandikwe kwamba mimi ndiye niliyetaka maelezo haya yachukuliwe kwa mkono. Koplo alikuwa ameshafungua kompyuta ya kituo na kuanza kupiga chapa jina langu. Nilimwomba aifunge. Alicheka kidogo, kisha aliponiona mimi sicheki akavuta karatasi. Jina la mji ninaouzungumzia na jina la shule nimemwonyesha kwa kidole kwenye simu yangu, na nimeomba visiandikwe humu.

Nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu wa kike na binti yake wa miaka minane. Mtoto huyo nyumbani tunamwita Kasuku, kwa sababu akianza kusema hana breki. Naogopa kwamba aliyekuwa mume wa mdogo wangu amejua wanakoishi, na kwamba amejua kupitia kompyuta yangu mwenyewe. Tangu saa moja asubuhi nampigia mdogo wangu simu na haipokelewi. Kazini kwao simu huachwa kwenye kabati mpaka mapumziko. Nimemwandikia ujumbe, sijui kama ameusoma. Koplo ameniambia nikae nitulie. Kukaa nimekaa.

Mwanamume huyo nitamwita Bosi, kama tulivyomwita wote nyumbani. Jina hilo alipewa na mama, naye akalipenda mpaka akajiita hivyo mwenyewe. Siku ya kwanza kuja kwetu alikuta bomba la jikoni linavuja, akavua koti akalitengeneza, halafu akatuamuru wote tukae mezani tule. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Leo tumepata bosi." Mimi pia nilimpenda, sitadanganya. Alikuwa shemeji mkarimu. Aliniletea meza ninayotarizia, akaninunulia kompyuta, akaiunganisha na cherehani yangu ya kutarizi ili nichore nembo kwenye skrini na cherehani izishone yenyewe. Enzi zile alikuwa akinipelekea mizigo ya nembo madukani kwa gari lake. Vilevile alinifungulia barua pepe yenye jina la biashara yangu. Nakumbuka aliniambia, "Shem, sasa wewe ni mtu wa kimataifa." Nilijiona mtu kweli.

Hayo yalikuwa kabla hajaanza kumpiga mdogo wangu. Mwaka juzi alimvunja mkono. Mahakama ilimkataza kumkaribia yeye na mtoto. Alimkaribia vilevile, mara mbili, na mara ya pili alimkuta kituo cha basi amemshika mtoto mkono. Ndipo mdogo wangu akahama mji.

Alikokwenda aliniambia mimi peke yangu. Mama hatukumwambia. Mama yangu ni mtu mwema, lakini hana kifua, na Bosi anajua kulia. Angekuja akapiga magoti pale mlangoni, mama angempa anwani na kumfungia chakula cha njiani. Kwa hiyo tulikubaliana mama aambiwe kwamba wako salama, basi. Amekuwa akinitega tangu siku hiyo. Ataniuliza tu, huku anaosha vyombo, "Hivi huko waliko kuna baridi?" Nami namjibu, "Mama, baridi iko kila mahali." Ananuna kidogo, kisha yanaisha.

Mnamo mwezi wa pili mwaka huu mdogo wangu aliniomba nembo moja kwa ajili ya sweta ya Kasuku. Duka la shule lilikuwa limeishiwa, na mtoto alikuwa akisimamishwa mbele ya wenzake kila asubuhi kwa sababu sweta yake haina nembo. Kasuku, ambaye hanyamazi, alikuwa ameanza kunyamaza. Nilitumiwa picha ya sweta ya mtoto mwingine, nikaichora ile nembo kwenye kompyuta: kitabu kilichofunguliwa, mwenge juu yake, na chini utepe wenye jina la shule na jina la mji. Niliishona kwa uzi wa dhahabu niliokuwa nimeuweka kwa kazi za maana.

Katika kazi yangu hakuna anayeagiza nembo moja. Shule huagiza mamia, maduka huagiza hamsini hamsini. Nembo ya shule ya mbali, tena moja tu, ni ya mtu wa nyumbani, na yeyote aliyewahi kubeba mizigo yangu anajua hivyo. Mchoro wake niliupa jina "Kasuku" nikauacha mbele kabisa kwenye skrini, ili mtoto akikua na kubadilisha sweta nisihangaike kuutafuta. Wakati huo kompyuta yangu ilikuwa haijui kitu kingine zaidi ya meza yangu na cherehani yangu.

Kuhusu kubadilisha mfumo wa kompyuta naeleza kama ifuatavyo. Tangu mwezi wa nne kila nilipoiwasha ilinitolea tangazo kwamba mfumo wake umezeeka, kwamba hautalindwa tena dhidi ya wezi wa mtandaoni, na kwamba niubadilishe upesi. Nililifunga lile tangazo kila siku kama mtu anayefukuza nzi. Kisha duka kubwa linalonipa kazi likaniambia halitatuma tena michoro kwa mtu mwenye mfumo wa zamani, kwa usalama. Ikabidi nimwite fundi wa kompyuta mwenye kibanda pale chini karibu na duka la vioo. Mtaa mzima unamwita Waya kwa sababu ya wembamba wake, naye haoni ubaya.

Mnamo Jumamosi tarehe 10, saa tatu asubuhi, Waya alipanda kwangu akaanza kazi. Mama alikuwepo, amekaa kwenye kochi anachambua nyuzi.

Naomba ieleweke kwamba sikuwa mzembe. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu nizaliwe, na tangu mambo ya Bosi wasiwasi wangu umeongezeka. Kabla Waya hajagusa kitu nilibandika plasta kwenye jicho la kamera. Waya akasema, "Mama Nembo, nani atakaa kukutazama wewe ukitarizi?" Nikamwambia, "Kama hakuna, basi plasta haimuudhi mtu." Mfumo mpya ulipoingia ukaanza maswali. Je, uruhusiwe kujua mahali nilipo? Hapana. Usikilize sauti yangu? Hapana. Utume taarifa za matumizi yangu ili kuboresha huduma? Hapana. Unionyeshe matangazo yanayonifaa? Hapana kabisa. Nilimkataza Waya kubonyeza chochote kabla sijakisoma kwa sauti, mpaka akaanza kutoka kijasho. Mama akasema, "Hii mashine inahoji kuliko polisi." Afande anisamehe, ndivyo alivyosema.

Kisha ukaja ukurasa wa akaunti. Huo haukuwa na Hapana.

Ulitaka barua pepe, na bila barua pepe haukusonga mbele. Waya alisema zamani ulikuwa unaweza kuruka hapo, siku hizi wamepaziba. Akaniuliza, "Unayo?" Nikamjibu ninayo, ya biashara. Sikuwa nimeifungua kwa miaka, maana wateja wangu wote huniandikia kwenye simu. Lakini ilikuwa na jina la kazi yangu, na niliihesabu kuwa yangu kama ninavyoihesabu ile meza. Kwamba aliyeifungua aliweka namba ya simu yake mwenyewe, hilo halikunijia akilini hata kidogo. Nawezaje kulijua? Siku Bosi alipoifungua mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake nikishangaa.

Neno la siri nilikuwa nimelisahau. Waya akabonyeza palipoandikwa "Nimesahau." Skrini ikaandika: Tumetuma ombi kwenye simu yako. Fungua simu na ubonyeze Kubali. Nikatazama simu yangu, haina kitu. Waya akaniuliza kama nina laini nyingine. Nikasema labda ni ile simu ya mama iliyoibiwa sokoni. Mama akasema ile haikuwa na intaneti, ilikuwa na tochi tu. Tulikuwa bado tunabishana pale skrini ilipogeuka yenyewe ikaandika: Asante. Umethibitishwa. Karibu tena.

Waya alipiga makofi. Nilimuuliza, "Nani amekubali?" Akajibu, "Mitambo ya siku hizi ina akili, imekutambua mwenyewe." Sikuridhika. Lakini kompyuta ilikuwa imewaka, michoro yangu yote ilikuwepo, na mteja alikuwa anagonga mlango akitaka mzigo wake. Mama akamtengenezea Waya chai, tukamshukuru.

Jumatatu tarehe 12 niliona kila mchoro umepata alama ya kawingu kadogo pembeni. Nilimpigia Waya. Alisema nisihofu, hiyo ni nakala ya kazi zangu inahifadhiwa kwenye akaunti, hata nyumba ikiungua sitapoteza kitu. Nilifurahi. Nilimwambia mama kwamba angalau safari hii mashine imetufikiria.

Leo Jumatano, saa moja kasoro asubuhi, niliwasha kompyuta nianze kazi. Kwenye pembe ya skrini kulikuwa na ujumbe: Faili lako "Kasuku" limefunguliwa kwenye kifaa kingine. Nilidhani ni mimi mwenyewe, maana nasahau mambo. Nikabonyeza nione. Ikaandika jina la kifaa hicho: Simu ya Bosi. Jana jioni.

Nina michoro zaidi ya mia tatu mle ndani. Hakufungua mwingine wowote.

Nilikaa sakafuni kwenye vipande vya vitambaa. Kisha nikajikaza nikampigia mdogo wangu, haikupokelewa. Nikaichomoa kompyuta kwenye umeme, nikamwita Waya, akapanda mbio na mswaki mdomoni. Alipoona lile jina kwenye skrini ya simu yangu, maana nilikuwa nimelipiga picha, aliniuliza Bosi ni nani. Nilimweleza. Akaniambia kuichomoa hakusaidii, kwa sababu nakala hazipo tena kwangu, ziko kwenye akaunti, na mwenye akaunti anaziona popote alipo.

Nikamwambia amtoe. Akaiwasha tena, akajaribu kubadilisha neno la siri. Skrini ikaandika maneno yale yale: Tumetuma ombi kwenye simu yako. Yaani ili nimfukuze, ilibidi nimwombe yeye ruhusa. Tulisubiri. Ikajibu: Ombi limekataliwa. Waya akajaribu tena. Likakataliwa upesi zaidi, kama mtu aliyekuwa ameshaweka kidole tayari. Alikuwa macho muda huo, simu mkononi, anatujibu. Waya aliondoa mkono kwenye kipanya kana kwamba kimemuunguza. Hapo ndipo nilipomjua aliyetukubalia Jumamosi. Hakuvunja mlango wangu. Tulimbishia hodi, akatufungulia, tukaingia na mali zetu zote, na mimi nikasema asante.

Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Alisema kwamba Bosi alimpigia simu Jumapili jioni, baada ya kimya cha mwaka mzima. Alimuuliza hali ya miguu yake, kisha akauliza kama mimi bado natarizi nembo. Mama alimwambia ndiyo, kazi zimejaa. Kuhusu mdogo wangu na mtoto hakuuliza neno, na mama alishangaa, kwa sababu zamani alikuwa haulizi kingine. Hakunieleza mapema kwa kuwa alijua nitagomba.

Kisha mama akaniuliza, "Kasuku anasoma wapi?" Nikamwambia. Ni mara yangu ya kwanza kumwambia. Akasema, "Mimi niliyewazaa mlinificha. Mashine mkaiambia." Alienda kuvaa viatu akasema twende polisi. Yuko hapo nje kwenye benchi, ana kompyuta mapajani, ameifunga kwa shuka.

Kutoka anakoishi Bosi mpaka mji ule, mtu mwenye gari akitoka alfajiri anafika mchana. Watoto wa shule ile hutoka saa tisa. Sijui kama ametoka. Sijui kama yuko njiani wakati Koplo anaandika sentensi hii. Naomba Koplo aandike haraka kidogo, samahani.

(Saa tano na dakika kumi shahidi amepigiwa simu na ameipokea mbele yangu. Nimesimamisha maelezo kwa robo saa. Nimetumia muda huo kuwasiliana na kituo cha polisi cha mji uliotajwa. Maelezo yanaendelea.)

Aliyenipigia ni mdogo wangu. Alisoma ujumbe wangu wakati wa mapumziko. Hakusubiri kuuliza kitu, alikwenda moja kwa moja shuleni, akamtoa mtoto darasani, akamvua sweta akaiacha kwenye kiti. Aliponipigia walikuwa tayari ndani ya basi. Nilimsikia Kasuku kwa nyuma akiuliza maswali mfululizo, sweta yangu iko wapi, tutairudia lini, na abiria mmoja wa kiti cha pili akimwambia anyamaze. Nililia. Koplo ameniona, siwezi kukana.

Nilimweleza mdogo wangu yote, tangu plasta ya kamera mpaka Ombi limekataliwa. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Dada, hukujua." Nikamuuliza wanaelekea wapi. Hakujibu. Nilidhani simu imekatika, nikaita "halo, halo," lakini nilikuwa nasikia basi linabadilisha gia. Kisha akasema, "Dada, safari hii sikuambii."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nina kifua, ananijua, sijawahi kulitoa neno lake nje. Na ni kweli sijawahi. Sikumwambia mtu yeyote, hata mama yetu, na bado limejulikana. Nikamjibu, "Sawa, mdogo wangu. Usiniambie." Akasema laini ile anaitupa akishuka. Akaniambia nimsalimie mama, na nimwambie huko waendako bado hajajua kama kuna baridi. Halafu akakata.

Namba hiyo nimeijaribu tena kabla hatujaendelea, kwa mazoea tu. Haipatikani. Nimefurahi kwamba haipatikani, na nimeumia, vyote kwa pamoja.

Naomba polisi wa mji ule wafike lango la shule kabla ya saa tisa, kwa sababu yeye hajui kwamba wameondoka. Naomba simu yake ichukuliwe kabla hajafuta kitu. Kompyuta yangu naikabidhi kituoni ikaguliwe. Kazi za watu zilizomo nitazichora upya.

Nimesomewa yote na nimeona hayakupunguzwa wala kuongezwa. Ninachokijua nimekisema hapa. Mdogo wangu na mtoto wake waliko kuanzia leo sikujui, na yeyote atakayeniuliza nitamjibu hivyo hivyo, kwa sababu ndio ukweli.

Sahihi ya shahidi: Ametia sahihi mbele yangu, saa tano na dakika hamsini asubuhi.

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyachukua mimi, Koplo wa zamu, dawati la mashauri ya familia. Shahidi alikuwa na hofu lakini alijieleza vizuri. Nimepokea kompyuta moja ikiwa imefungwa kwa shuka.

Saa nane na dakika arobaini mchana kituo cha mji uliotajwa kimenijulisha kwamba mwanamume mwenye sifa zilizotolewa amekutwa ndani ya gari mkabala na lango la shule. Alikuwa amemwambia mlinzi kwamba amekuja kumchukua binti yake, na alimtaja mtoto kwa jina lake kamili na lile la nyumbani, Kasuku. Kwenye simu yake kulikuwa na mchoro wa nembo. Anashikiliwa kwa kukiuka amri ya mahakama.

Nimewapa taarifa hiyo shahidi na mama yake, ambao walikuwa hawajaondoka kituoni. Mama amemshukuru Mungu. Shahidi ameniuliza kama, kwa kuwa sasa ameshakamatwa, naweza kumpa namba mpya ya mdogo wake, asikie sauti yake tu. Nimemweleza kwamba na sisi hatukuachiwa.